Ajali za Ukoo wa Bebbington

Kabla chai haijapoa, mzee Norman Bebbington alikuwa ameshamkata mjomba wake miguu yote miwili.

"Behewa lilirudi nyuma," alisema, akiitazama mvua ikipiga kioo cha dirisha. "Ukungu ulitanda. Mjomba Percy hakulisikia."

Bi Marjorie Tunnicliffe, mtafiti wa ajali za wafanyakazi wa reli wa zamani, aliandika polepole. Kila Alhamisi alikuja na mkate wa zabibu, akaketi kwenye kiti cha marehemu Bi Bebbington, mke wa Norman, kiti ambacho kabla yake paka tu ndiye aliyethubutu kukikalia.

Mjomba Percy hakuwahi kuwapo duniani. Wala babu aliyebanwa kati ya mabehewa, wala baba mdogo aliyeunguzwa na mvuke wa injini. Katika mji wa Crewe, uliozaliwa na reli, ukoo wa Norman ulikuwa wa waoka mikate watupu. Lakini siku Bi Tunnicliffe alipobisha hodi na kuuliza kama nyumba hii ilikuwa na watu wa reli, Norman alikuwa hajasemeshwa na mtu tangu Jumapili. Ulimi ukamponyoka: "Wamejaa tele! Ingia ndani."

"Bwana Bebbington, ukoo wenu huu! Hata mmoja hakufia kitandani?"

"Vitanda tungevitoa wapi, mama? Sisi maskini."

Bi Tunnicliffe alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Norman akaiokota, na moyo ukamwuma. Ndugu wa kubuni walikuwa wamekwisha. Aliokuwa nao amewaua, waliosalia amewalemaza. Na mtafiti ana haja gani na nyumba isiyo na majeruhi?

"Nadhani Percy ndiye wa mwisho," alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuna binamu?"

"Hakuna."

"Hata wa mbali? Hata wa upande wa mkeo?"

"Hakuna, Bi Tunnicliffe."

Bi Tunnicliffe alilifunga daftari lake. Akasimama, akavaa koti, akafunga kifungo kimoja, kisha akakifungua tena.

"Basi tunga mwingine," alisema.

Norman aliganda, kikombe mkononi. Kumbe mama huyu alijua! Muda wote huo, alijua.

"Na ofisini kwenu wakigundua?"

"Ofisi ipi, Bwana Bebbington?" Bi Tunnicliffe alikuwa ameinamisha uso, anatazama ncha za viatu vyake. "Utafiti ule ulifungwa mwaka mzima kabla sijabisha hodi kwako."