Mwanamke wa Kalenda

Baiskeli ilikuwa imefungwa kamba kwenye nondo za dirisha la sebuleni ili isianguke, na Justa alikuwa amekaa juu yake kiupande, mguu mmoja juu ya mwingine, gauni limepanda juu ya goti. Ilikuwa saa tisa mchana, na milango yote imekomewa.

"Shingo igeuke zaidi," alisema Saturnini, mpiga picha wa sokoni Nachingwea. "Tazama nyuma, kama mtu kakuita."

Betri za taa ya kamera yake zilikuwa hazipatikani tangu mwaka uliopita, 1980, kwa hiyo alitengeneza mwanga kwa vilivyomo ndani ya nyumba. Alitundika chandarua dirishani ili jua liingie kwa upole. Mwamina, jirani mwenye baiskeli, alishika sinia jipya kuurudisha mwanga kwenye shavu la kushoto. Nyuma ya Justa, juu ya kabati, karabai iliwaka mchana kweupe ili ukingo wa kofia yake ung'ae. Mkono wa pili wa Mwamina ulishika ungo, wa kulipepea gauni.

"Shoga yangu, yote haya kwa ajili ya kalenda," Mwamina alisema.

"Siyo kalenda. Ni yule mwanamke."

Yule mwanamke alikuwa ukutani, juu ya redio. Ilikuwa kalenda ya kampuni ya sabuni, ya mwaka 1954. Miezi yote ilishachanika, ikabaki picha: msichana mwembamba juu ya baiskeli, gauni la maua, kofia pana iliyomficha nusu ya uso, tabasamu lenye mwanya. Apolinari, mume wa Justa, alikuwa bwana shamba, na kila alipohamishwa alihama na mwanamke huyo wa ukutani. Walipotoka Bukoba kwenda Shinyanga, na Shinyanga kuja huku, godoro lilikuwa bado liko kwenye lori na yeye anatafuta msumari wa kumtundikia.

Justa alishamuuliza ni nani yake.

"Tangu napata akili namwona ukutani," Apolinari alijibu, akaongeza sauti ya redio.

Jibu gani hilo kwa mke wa ndoa? Miaka minne alikuwa akila, akishona na kupokea wageni mbele ya mwanamke huyo, na ilimuuma. Angekuwa mtu wa mtaani, angalau angemfuata akampa maneno yake. Huyu wa karatasi ungemwambia nini? Basi Justa akaamua kumshinda palepale alipo: gauni kama lile, kofia kama ile, mkao uleule.

Filamu ilipelekwa Dar es Salaam, na baada ya wiki sita picha ikarudi, imekuzwa. Justa aliitundika sambamba na kalenda, akajipaka poda, akamsubiri mumewe arudi kutoka Nandagala alikokwenda kukagua mikorosho.

Apolinari aliishia mlangoni. Alitazama picha moja, akatazama ya pili, akairudia ya kwanza. Kisha akageuza uso, akashika mwimo wa mlango.

"Justa, nakuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Ishushe hiyo."

"Ashuke kwanza yeye."

"Yeye hashuki."

"Basi na mimi sishuki."

Wiki nzima hakuweza kumtazama mkewe usoni. Chakula alikula barazani peke yake. Mwamina alisema hiyo ndiyo aibu ya mwanamume aliyefumaniwa, na Justa alikubaliana naye. Alijiona ameshinda nusu ya vita.

Jumatatu Apolinari aliondoka tena kikazi, kwenda Ruangwa. Jumanne asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa mama yake Apolinari, Mama Valentina, siku sita njiani kutoka Bukoba, na kikapu cha senene mkononi. Barua ya kuwaarifu ilikuwa haijafika.

Mama mkwe huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia yake, mnene, mkali, rozari haimtoki kiganjani. Siku ya harusi alimrudisha msimamizi wa bibi harusi ndani akatafute mtandio wa kufunika mabega. Sasa angekuta goti la mkwewe ukutani. Justa alijiona tayari yuko kwenye basi, anarudishwa kwao na sanduku lake.

"Karibu jikoni, Mama, chai iko tayari," alisema, akijaribu kumzibia njia.

Mama Valentina alikuwa ameshaingia sebuleni. Aliweka kikapu chini, akavaa miwani, akasogea hadi ukutani. Alisimama pale muda mrefu, akiitazama hii, akiitazama na ile.

"Nani aliyekupiga picha?"

"Fundi mmoja wa sokoni, Mama. Nisamehe. Naitoa sasa hivi."

"Hajui kazi."

Na kwa mara ya kwanza tangu Justa amfahamu, mama mkwe alitabasamu, mwanya ukaonekana.

"Huo mguu ungeurudisha nyuma kidogo," alisema. "Mimi waliniambia niurudishe nyuma."