Kuni kwa Dominika

Mume wangu hakuwahi kunibebea hata kijiti. Siku hiyo nilimwona akiingiza kwa Dominika, mjane jirani yetu, mzigo wa kuni nilizookota mimi nikiwakwepa askari wa msitu wa Mwingereza.

Nilimfuata mbio. Sikupiga hodi. Niliukumbatia mzigo wangu niutoe.

“Chukua tu, dada,” Dominika alisema kutoka kitandani. Mguu wake ulikuwa umevimba mpaka gotini. Wanawe walikuwa wakila ndizi mbivu, chakula chao cha jioni.

Ndipo nikayatazama mafiga. Katikati yake, kwenye majivu, kuku alikuwa ameatamia mayai.

Nikautua mzigo. Mume wangu alikuwa bado amesimama karibu na kitanda.

“Wewe, toka,” nikamwambia. “Kuni za humu nitaleta mimi.”