Kamba Shingoni, Suruali Juu

Alhamisi ya tarehe kumi na sita Mei ndiyo siku mambo yalipoharibika kwenye Loji ya Wafumaji, mjini Haslow. Saa kumi na mbili jioni kengele ya mlango wa pembeni ililia. Wilf Ormerod, mlinzi wa mlango, akashuka ngazi, upanga wake wa sherehe mkononi, akakuta suti nyeusi iliyopigwa pasi, na ndani yake mwanamume anayecheka.

"Umekuja!" Wilf alisema, nusura amkumbatie.

Wakubwa wa London, ambao hawajawahi kukanyaga Haslow hata kwa kupotea njia, walikuwa wameamua: loji ya Frimasoni isiyoingiza mtu mpya kufikia leo inafungwa na jengo linauzwa. Kwao ni jengo. Kwa Wilf, tangu mkewe Enid afariki, hapo palikuwa na meza pekee duniani ambapo mtu humwambia, nisogezee chumvi.

Wakubwa hao walikuwa wameshaamuru ukumbi wa chini ukodishwe kwa sherehe za watu. Hata sasa kulikuwa na gari lisilo na madirisha limeziba mlango mkuu, injini inanguruma. Wilf alilitupia jicho baya, akafunga mlango.

Hata huyu mtu mpya waliletewa na wakubwa hao hao, kwa mtandao. Clement Threlfall, anaomba kujiunga. Uso wake hakuna aliyeuona. Zamani mtu alikaguliwa mpaka meno. Siku hizi anahojiwa kwa simu tu, basi, karibu ndugu.

"Umeambiwa nini?" Wilf aliuliza, kama ilivyo desturi.

"Nivae suti, nije hapa, nikubali nitakachofanyiwa na nisiulize."

"Safi. Sasa toa kila kitu cha chuma. Saa, funguo, simu."

"Hadi simu? Aisee, mmejipanga!"

"Pete?"

"Pete bado, mzee!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Wilf aliweka vitu vya mgeni kwenye bakuli. Akamvua koti, akamkunjia suruali mguu wa kushoto mpaka juu ya goti, akamvisha ndara mguu mmoja, kamba shingoni, kitambaa machoni.

"Usoni tu msinifanye kitu, babu. Jumamosi nina picha."

"Hapa hatupigi mtu."

"Na mbuzi je? Nasikia mna mbuzi."

"Mbuzi ni maneno ya mtaani."

Wilf aliyajua yote ya mtaani: kwamba wanapanda mbuzi, wanakunywa damu, wanaendesha dunia. Wanaendesha dunia! Wazee sita walioshindwa kuwasha boila ya kupasha jengo joto tangu Krismasi.

Akagonga mlango wa loji kwa mpini wa upanga. Ndani, Mkuu wa loji, Stanley Birtwistle mwenye bucha, aliiweka sawa aproni yake nyeupe.

"Nani huyo?"

"Bwana Clement Threlfall, anayeomba kuingia."

"Clement!" Mgeni aliangua kicheko. "Haya, leo mimi Clement!"

"Kwenye simu sauti yake ilikuwa nzito kidogo," mzee mmoja alinong'ona.

"Simu za siku hizi," Mkuu akamnyamazisha. "Bwana Threlfall, umekuja kwa hiari yako?"

"Hiari? Nilipiga goti mwenyewe!"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kujibu kwa moyo namna hiyo.

"Na katika giza hili ulilomo, unatamani nini kuliko vyote?"

"Bia."

"Sema nuru," Wilf akamnong'oneza.

"Nuru! Nuru na bia!"

Akaapa, mkono juu ya Biblia. Walipomfungua macho, akaona wazee wamejipanga na glavu nyeupe, akapiga makofi. "Jamani, nyie mko vizuri mno!"

Wakaenda mezani. Pai ya nyama, vitunguu, kabichi nyekundu, na bia kama alivyoomba. Ndugu mpya alimbusu Mkuu kwenye upara. Aliwafundisha wimbo ambao wazee wale hawakupaswa kuujua. Kisha akamgeukia Wilf.

"Ndugu Wilf, nisogezee chumvi basi."

Wilf akaisogeza, akajifanya ni kitunguu ndicho kinachomtoa machozi. Loji imepona. Mkuu alikwisha kufungua kalamu aandike jina la kupeleka London, watu wote wanagonga bilauri, ndipo simu ikalia kwenye bakuli. Mwenyewe yuko juu ya kiti anaimba. Wilf akaichukua, akabonyeza pasipotakiwa, spika ikawaka, na sauti ikajaa chumba kizima.

"Liam! Uko wapi wewe bwana harusi? Sisi tuko huku ufukweni Blackpool tunakungoja! Wale watekaji tuliowakodi wakuteke kwa utani, tukuage ukapera, wametuletea babu!"

Wimbo ukakatika.

"Babu gani?" Wilf aliuliza.

"Mzee wa miaka sabini! Wanasema walimchukua nje ya ukumbi, suti nyeusi, kamba akavaa, kitambaa akafungwa, hakuuliza hata neno. Suruali kaikunja mwenyewe! Walivyomfunga kwenye nguzo ya taa aliwashukuru. Sasa tunataka kumfungua, anakataa. Anasema yeye ni Clement, na habanduki hapo mpaka apewe nuru."

Liam alishuka kwenye kiti polepole, mguu mmoja bado na ndara.

"Ndugu zangu," Mkuu aliuliza, kalamu ikiwa hewani, "sasa London tunapeleka jina la nani?"