Mbio za Mende juu ya Santuri

Alikuwapo Mende aliyejisifu kwa mbio. Siku Kuku alipomfukuza, alirukia santuri iliyokuwa ikizunguka kwenye gramafoni, akatimua mbio bila kutazama pembeni. Alipokaribia kuishiwa pumzi, aliinua kichwa huku angali anakimbia. Lahaula! Mdomo wa Kuku ulikuwa palepale, ubavuni mwake.

"Unanifuata tangu lini?"

"Sijainua hata ukucha, mwanangu," Kuku alicheka. "Nakutazama kwanza nicheke, kisha nikudonoe. Wewe unakimbilia huku, santuri inazungukia kule. Ungesimama tu, ingekuwa imeshakupeleka mbali nami."

Mende akapigwa na butwaa, miguu yote sita ikaganda. Papo hapo santuri ikamchukua hadi upande wa pili, penye ufa wa ukuta, akajitupa humo.

Aliyebaki ameganda sasa ni Kuku, mdomo wazi na mtupu.