Mdomo wa Hamduni

Salme alipotoka eda, alikwenda barazani kwa kinyozi akaketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, Hamduni. Briskola, mchezo wa karata wa Kiitaliano, hutaka watu wanne, wawili wawili, na tangu msiba kiti kile hakikukaliwa.

Bushiri, aliyecheza upande mmoja na Hamduni miaka yote, aligawa karata tatu tatu, akafunua moja: karata za vikombe ndizo turufu.

"Kumwambia mwenzako ulichonacho ni mwiko, shemeji. Ila kwa uso ruhusa. Ukiwa na mfalme wa turufu, inua macho. Ukiwa na tatu, pinda mdomo kushoto."

"Tatu si karata ndogo?"

"Huku ni ya pili kwa ukubwa. Mwenzako akiona mdomo ule, moyo wake unatulia."

Salme akaukumbuka mdomo ule. Kila alipoandaa mchuzi wa nazi, Hamduni alipinda mdomo kushoto. Akadhani anaubeza. Alipunguza chumvi, akabadilisha nazi, mwisho akaacha kuupika, na mumewe hakusema neno.

"Kushoto, una hakika?"

"Hamduni ndiye aliyetufundisha."

Bushiri akamtazama, akingoja ishara. Salme akapinda mdomo kushoto, taratibu. Karata zake tatu zilikuwa bado kifudifudi mezani.