Kiwiko cha Binti

Mpira ulitumbukia tena kikapuni bila kugusa ringi. Fiacre akauokota, goti lake likilia kama bawaba ya mlango.

Enzi zake kwenye ligi ya Bujumbura, kocha alimtoa uwanjani kila alipothubutu kurusha kutoka mbali. Mtu mrefu kazi yake ilikuwa kusukumana chini ya kikapu. Leo binti yake, mrefu vilevile, analipwa na klabu ya Sydney kwa kurusha kutoka huko huko mbali.

“Papa, shot yangu iko sawa? Kesho ni mechi.”

Ilikuwa safi kabisa. Wivu ukamwingia.

“Kiwiko kinatoka nje,” akasema. “Kibane.”

Binti akakibana. Mpira ukagonga ringi, ukarudi mikononi mwa Fiacre.

“Hapo sasa,” akasema. “Kesho rusha hivyo hivyo.”