Mluzi wa Bibi Nguchiro

Usiku wa manane ulilia mluzi wa hatari. Kundi zima lilikuwa limelala fofofo, ila Nguchiro mmoja mwoga, aliyejifungua juzi, alitoka mbio na mtoto mdomoni. Juu ya kichuguu akamkuta Bibi Nguchiro, mlinzi wa zamani, ambaye vijana walimwambia apumzike wakampa shimo la pembeni.

Akamtua mtoto. "Nyoka yuko wapi, bibi?"

"Hayuko. Tangu nipumzishwe haniiti mtu. Nilitaka kuona nani atakuja. Usinisemee, mjukuu wangu, kwa mluzi wa uongo mtu hufukuzwa."

Mama akamsogeza mtoto tumboni pa bibi.

"Nami huogopa kulala peke yangu naye, bibi. Hamia kwangu. Sitamwambia mtu."